Njiani Tu

Neno lililotumaliza ni langu. Nianze na hilo, maana siku hizi kila mtu pale ukumbini anasema lilitoka kwake.

Mimi ni mwalimu wa lugha mstaafu. Meneja wa ukumbi wetu wa maigizo alipopata ruhusa ya kuleta mchezo wa nyimbo kutoka ng'ambo, ule uliojaza kumbi za huko miaka na miaka, alinipa mimi nitafsiri nyimbo zake zote. Watu wakabeza. Nani hapa petu atakata tiketi kwenda kumtazama mama wa nchi za watu akilia kwa kuimba? Meneja akasema kilio ni kilio, mradi kiimbwe kwa lugha ya wenyewe.

Mama huyo aliigizwa na mdogo wangu. Tangu utotoni tunamwita Chiriku, kwa kuwa alikuwa hanyamazi. Kisha mwanawe akagongwa na lori akitoka shule, na Chiriku akanyamaza miaka sita. Aliposikia kuna mchezo ambamo mama aliyefiwa hivyo hivyo anasimama peke yake na kuimba, alikuja kwangu bila hata kupiga hodi. Hakutaka umaarufu. Alitaka kumlilia mwanawe mara moja mbele za watu, kwa sauti, na watu wanyamaze wamsikilize. Basi. Na mimi nilijua.

Wenye mchezo walimtuma mwanamke na daftari la muziki, tukambandika jina la Mama Nota. Hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vidole: nota tisa, silabi tisa. Nota haiongezwi, haipunguzwi, haihamishwi.

Mstari wa mwisho wa wimbo wa mama ulinitesa wiki nzima. Mwishowe nikaandika: "Mwanangu kafa barabara." Silabi tisa, kama zilizopimwa kwa rula. Nilimwandikia marehemu mpwa wangu mstari ule, na niliuonea fahari, mjinga mimi.

Chiriku aliujaribu katika chumba cha mazoezi, kile cha nyuma chenye feni inayolia na alama za chaki sakafuni.

"Kaka, hili neno halinikai mdomoni."

"Lina nini?"

"Wimbo unanyanyuka pabaya. Nikiimba inatoka baRAbara. Kama vile nasema kafa sawasawa, vizuri kabisa."

"Watu wana akili. Watajua ni njia ya magari."

"Si ungeweka 'njiani'?"

"Inapungua silabi moja."

"Basi ongeza."

"Chiriku, wewe imba. Lugha niachie mimi."

Akacheka kidogo, akaimba nilivyoandika. Pale hakuna aliyeshtuka. Sote tulikuwa na maneno mkononi, macho yakasoma kabla masikio hayajasikia. Mama Nota alihesabu vidole vyake tisa akatabasamu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo nilivyofundisha miaka thelathini. Sikuwahi kujiuliza mkuu asiposikia la mdogo linavunjika guu la nani.

Jioni ya kwanza nusu ya viti vilikuwa vitupu. Waliokuja walipiga miayo, na bwana mmoja mbele yangu alitafuna njugu wimbo hadi wimbo. Kisha taa zikapunguzwa, Chiriku akasimama peke yake na kiatu kimoja cha mtoto mkononi. Sijawahi kumsikia akiimba vile, hata kabla ya msiba. Mla njugu akaacha kutafuna. Ukumbi ukawa kimya kabisa, kimya kile kile alichokitaka dada yangu, na yeye akafika mstari wa mwisho.

"Mwanangu kafa baRAbara."

Huko nyuma mtu akaitikia, "Safi kabisa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sikuweza hata kuwachukia. Mama kawaambia mwanawe kafa vizuri, wangefanyaje? Ningecheka na mimi, kama si damu yangu. Chiriku alibaki amekishika kile kiatu mpaka pazia likafungwa.

Asubuhi nilikuwa napiga mswaki neno likanijia. Njiani tu. Silabi nne, na mkazo pale pale wimbo unapoutaka. Chiriku alinipa neno zima, mimi nikashindwa kumwongezea "tu". Nilikaa ukingoni mwa bafu nikalia na povu mdomoni.

Nikakimbia kwa Meneja na karatasi. Nilimkuta dirishani akitazama foleni ya tiketi iliyozunguka jengo.

"Mwalimu, unaona mambo?"

"Nimepata neno la kurekebisha."

"Urekebishe nini? Watu wameambiana mji mzima. Wanataka barabara yao."

"Yule mama kafiwa kweli."

"Najua, na nampa pole. Lakini si walisema mchezo wa ng'ambo hauuziki hapa? Umeuzika. Usiguse."

Wiki ya pili ukumbi haukutosha. Watu walikuja na watoto, wakausubiri mstari, wakauimba pamoja naye, wakapiga makofi. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Mama Nota aliwaandikia wakubwa wake kwamba hajawahi kuona watazamaji wanaoshiriki namna hii.

Jumamosi nilimfuata Chiriku chumba cha kuvalia nikampa kikaratasi. Alikisoma midomo ikichezacheza.

"Njiani tu," akasema. "Inakaa."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Leo naimba hii. Meneja anifukuze akitaka."

Akaimba. "Mwanangu kafa njiani tu." Ilikaa, jamani. Kwa pumzi moja niliamini tumepona. Kisha ikaanza minong'ono, na mtu akapiga mluzi.

"Umekosea, mama! Rudia!"

Wengine wakadakia wakigonga viti: baRAbara, baRAbara. Vijana kwa wazee, wala si kwa ubaya. Walidhani wanamkumbusha.

Chiriku alinitazama nilipojibanza pembeni ya pazia. Akainama kidogo, kama mtu anayeomba radhi, akarudia walivyotaka, na ukumbi ukalipuka kwa furaha.

Nilimsindikiza hadi kwake. Mlangoni alipekua mkoba akitafuta ufunguo, akapekua tena, na kile kiatu cha mtoto kikaanguka kizingitini. Nikakiokota. Hakukipokea.

"Kaka."

"Naam."

"Niliporudia, walipocheka, na mimi nilicheka."