Upande wa Kusini

Kila wiki Haitham, kijana wa Mpendae aliyejitolea kukagua matumbawe pamoja na Wanu kijijini kwa kina Wanu, aliandika kwenye daftari lao kuhusu upande wa kusini wa mwamba: "Salama." Wanu hakumwamini. Mwamba umefungwa usivuliwe miezi mitatu ili pweza wakue, na huyu wa mjini hataki mwenzake afike kule!

"Kule nshakagua, Bi Wanu, usijisumbue."

"Nnakwenda mwenyewe. Kama mwizi ni wewe, leo utanijua!"

Maji yalikuwa yamekupwa. Kwenye shimo la pweza alikuta matumbawe yamevunjwa, na chuma cha kuchokolea kimenasa. Mpini ulikuwa umezongwa kitambaa cha kanga. Wanu aliijua kanga ile. Asubuhi mamake alikuwa ameivaa, pindo limechanwa.

Akakichomoa chuma, akakificha. Kisha akaandika daftarini: "Salama."