Siku Nne Mahabusu

Shauri la Chausiku lilikuwa limeahirishwa mara kumi na moja. Mara jaji yuko likizo, mara faili halionekani, mara wakili wa serikali anaumwa. Walipolifungua walikuwa wadai watano, wote wakazi wa mtaa mmoja wa Bunju. Watatu walijitoa mmoja mmoja, wakabaki wawili: yeye, muuza samaki wa kukaanga, na Mwalimu Revelian, mstaafu kutoka Bukoba.

Walichokuwa wamefanya kilikuwa kidogo. Mwenyekiti wa mtaa alikaa miaka miwili bila kuitisha mkutano, zahanati imefungwa na hakuna anayeeleza kwa nini. Wakazi waliandika barua, haikujibiwa. Wakaamua kukutana wenyewe uwanjani, Jumamosi asubuhi. Hata dua ya kufungulia haijaisha, polisi wakafika. Watano wakakamatwa, wakakaa mahabusu siku nne bila kuandikiwa kosa lolote. Jumatano wakaambiwa, "Haya, nendeni."

Mwalimu ndiye aliyesema waende mahakamani. "Sheria inawapa saa ishirini na nne," alisema. "Wao wamechukua tisini na sita."

Baada ya ahirisho la kumi na moja, Chausiku alikaa kwenye ngazi za mahakama akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba.

"Mwalimu, mie najitoa."

Revelian hakushtuka. "Hata mimi nimechoka, Bi Chausiku. Nyumbani naaga kwamba naenda kwa daktari."

"Kwa nini?"

"Mke wangu aliniambia niachane na kesi hii tangu mwaka jana."

Chausiku alicheka kidogo, bila kutaka. Tarehe iliyofuata akaja tena.

Siku hiyo jaji alikuwepo. Chausiku akapanda kizimbani, akaapa. Wakili wao, Gladness, alimuuliza yale waliyokwisha kuyapitia pamoja, kisha akasimama wakili wa serikali.

"Ulipigwa?"

"Hapana."

"Ulinyimwa chakula?"

"Sikunyimwa. Majirani walituletea."

"Kwa hiyo ulikula, ukalala, ukatoka mzima. Umedhurika nini hasa?"

Chausiku alimtazama Gladness, kisha Mwalimu. Hili hakuwa amemwambia yeyote kati yao.

"Mama yangu alikuwa amepooza," alisema. "Hawezi kujigeuza. Mie ndiye niliyekuwa namgeuza, usiku na mchana. Niliwaambia askari pale kaunta. Nikawaambia tena. Wakasema nimsubiri mkubwa wao. Jirani alimlisha, akamnywesha, Mungu amlipe, lakini hakujua kama mgonjwa yule anageuzwa. Nimerudi nakuta mgongo wote vidonda. Havikupona. Tulimzika baada ya miezi miwili."

Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaja bei ya samaki.

Wakili wa serikali alitazama karatasi zake. "Sina swali jingine, Mheshimiwa."

Nje, Mwalimu alimfuata taratibu. "Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie ili iweje? Si wewe uliyekuja kunigongea mlango siku ile nije mkutanoni?"

Mzee wa watu aliuchukua mkoba wa Chausiku akaubeba hadi barabarani.

Hukumu ilitoka miezi mitano baadaye. Jaji aliisoma bila kupandisha sauti: wakazi walikuwa na haki ya kukutana, hawakustahili kukamatwa, tena kuwashikilia siku zote zile bila kuwafikisha mahakamani kulivunja sheria. Serikali iwalipe fidia. Kuhusu mama yake Chausiku alisoma sentensi mbili tu, lakini alizisoma polepole.

Gladness alimkumbatia kwenye korido. "Tumeshinda, mama!" Kisha akashusha sauti. "Ila wanaweza kukata rufaa."

"Wakikata?"

"Tunarudi."

Chausiku alijishusha kwenye benchi. Alikuwa amedhani siku hii ikifika atapiga vigelegele. Sasa alichotaka ni kuegemeza kichwa ukutani tu.

"Wakikata nipigie simu, mwanangu," alisema. "Nitakuja. Ila sasa hivi niacheni nikae kidogo."

Mwalimu Revelian akakaa kando yake. Karani alipopita kuwaambia wapishe korido, Gladness alimwomba awape dakika tano, akakubali.