Kingo Bado Zimejikunja

Fundi wa cherehani aliingia bafuni na chupa ya kupulizia maji, akavuta mlango nyuma yake upesi ili joto la nje lisipenye. Tangu kiwanda cha sare kimwachishe kazi, hakuna aliyeoga humo. Palining'inia mifuko kumi na miwili ya mabua yaliyochemshwa, na katika kila tundu la mifuko hiyo uyoga ulikuwa umechomoza vishada vishada.

"Umeiva?" mama mkwe wake aliuliza kutoka uani.

"Bado, mama. Kingo za kofia bado zimejikunja chini. Zikianza tu kunyooka, ndiyo siku yake. Zikishapinduka juu, umechelewa: uyoga unamwaga vumbi, na mpishi wa hoteli haupokei."

"Mimi ningekata leo. Cha kuiva kesho kimemshibisha nani?"

Fundi alitandaza kiganja chini ya kofia moja. Jana ilikuwa sawa na kifungo cha koti. Leo inajaza kiganja. Mpishi wa hoteli alishasema: kilo nane au asipoteze nauli. Ungekatwa leo ungefika kilo tano tu. Na maji ya kupulizia yalikuwa yamepanda tena, ndoo moja sasa kwa bei ya mbili.

"Kesho alfajiri," alikata shauri. "Kisu nimeshakinoa."

Saa nne asubuhi hiyohiyo bwana afya alipiga hodi huku ameshaingia. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili na mkokoteni.

"Nani kakuruhusu kulima ndani ya nyumba ya kupanga?"

"Ni bafu langu, bwana afya. Nalilipia."

"Bafu ni la kuogea. Tumepata malalamiko."

"Ya nani?"

"Ya wananchi."

Mama mkwe alijikongoja hadi mlangoni. "Baba, anayeoga kwa kopo hapo uani ni mimi. Kama kuna mwenye haki ya kulalamika humu, ndiye mimi, na sijalalamika."

Bwana afya alikuwa anaandika. "Mifuko yote inachukuliwa. Ni ushahidi."

"Ushahidi utaoza, mzee wangu!" Fundi alikuwa ameshashika kisu. "Niache nivune kwanza. Dakika kumi tu."

"Ukivuna unaharibu ushahidi."

Mkokoteni uliondoka na mifuko imelazwa kifudifudi. Fundi alibaki na kisu mkononi, akitazama kamba kumi na mbili zikicheza hewani bila kitu. Mama mkwe hakusema "nilikwambia", na hilo ndilo lililomchoma zaidi mkaza mwana wake.

Saa nane mchana fundi alikuwa ofisini kwa bwana afya, kwenye foleni ndefu. Zamu yake ilipofika, karani alimwelekeza kwa kidevu: mifuko ilikuwa sakafuni, kando ya ukuta. Alichuchumaa. Akautazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Matundu yalikuwa wazi. Uyoga hata haukukatwa kwa kisu, ulikuwa umenyofolewa pamoja na mabua yake, kama mtu anavyong'oa majani barazani.

Aliinua macho. Nyuma ya kila kiti cha ofisi palikuwa pametundikwa mfuko wa plastiki. Katika ule wa karani kofia moja nyeupe ilichungulia, kingo zimejikunja vilevile alivyoziacha asubuhi.

Wizi aliujua. Kilichomshtua ni kwamba hakuna aliyejisumbua kuficha.

"Una bahati, dada," karani alisema. "Faini umesamehewa. Weka sahihi hapa uchukue vitu vyako."

Fomu ilisema: *Nimepokea mali yangu yote, ikiwa kamili.*

"Na uyoga?"

"Uyoga gani?"

"Huo ulio nyuma yako."

Karani aligeuka, akautazama kama mtu anayetazama saa ya ukutani. "Huo tumegawana. Si ulimwambia bwana afya mwenyewe kwamba utaoza?"

Midomo ya fundi ilitaka kutukana, macho yakataka kulia, lakini mkono ndio uliotangulia. Alichukua kalamu, akafuta sentensi ile kwa mstari mmoja, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: *Nimepokea mifuko kumi na miwili mitupu. Uyoga wake umevunwa humu ofisini leo, siku moja kabla haujaiva.* Akaweka sahihi.

Karani alisoma. Akasoma tena. "Umeharibu fomu."

"Nipe nyingine."

Alipewa. Akaandika vilevile, neno kwa neno.

"Bila fomu safi mifuko haitoki hapa!"

"Basi ikae."

Mwanamume aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, mshona viatu aliyekuja kufuata sanduku lake la vifaa lililochukuliwa nalo, alirefusha shingo akasoma fomu zote mbili. Kisha akanyoosha mkono.

"Ukimaliza na hiyo kalamu, mama, niazime."