Nusu ya Kurudi Juu

Mama yao aliwagawia hadithi kama wengine wanavyogawiwa viwanja. Mkubwa alipewa nusu ya kushuka: kijana anamfuata kaka yake aliyekufa mpaka kuzimu, kupitia milango mitatu. Mdogo akapewa nusu ya kurudi juu. Ilikuwa marufuku mmoja kusimulia nusu ya mwenzake. Mama aliwajua mabinti zake, vichwa vigumu wote wawili, akaona bora wawe na kitu kimoja kisichokwenda bila wao kukaa pamoja.

Kikaenda miaka na miaka. Halafu mdogo akapata kazi redioni, kipindi cha watoto, na mtaani wakaanza kumwita Bibi Redio. Mkuu wa vipindi alipoisikia ile hadithi alikuna kichwa.

"Mama, hapo mwisho watoto watalia. Tupunguzie makali kidogo."

Akapunguza. Kijana akapanda juu na kaka yake mgongoni, wakaishi raha mustarehe, likafuata tangazo la sabuni. Dada yake, aliyekuwa kwenye cherehani yake na redio pembeni, aliizima kabla sabuni haijaisha. Tangu hapo wakawa ndugu wa kusalimiana misibani.

Sasa dada alikuwa amelala wodini. Kiharusi kilimpiga upande mzima, na daktari alikwisha kuwaambia wanawe wasikae mbali. Watoto wenyewe walisema mama yao haombi maji wala hamwiti mtu. Anasimulia tu, anafika mahali ananyamaza, anaanza tena. Wao hawakuelewa. Bibi Redio alielewa hata kabla hajavaa viatu.

Alifika mchana, saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na mabakuli. Akavuta kiti, akaushika ule mkono ambao bado ulikuwa na uhai. Dada akamtazama, hakumsalimia, akaanza.

Mdomo ulikuwa umepinda, maneno yakitoka moja moja, lakini hakuruka kitu. Mlango wa kwanza ulilindwa na mnyama mwenye kichwa cha fisi na mikono ya mtu. Akataka kivuli cha kijana, akapewa. Mlango wa pili ukataka harufu ya kwao, ule moshi wa jiko alioubeba kwenye nguo. Akatoa. Wa tatu ukataka sauti ya mama yake akimwita aje kula. Akatoa na hiyo, akagonga. Hapo dada akanyamaza na kusubiri.

"Ukafunguka," alisema Bibi Redio, kwa sauti ileile ya redioni. "Akamkuta kaka yake amekaa. Akambeba mgongoni, wakapita milango yote, wakaishi..."

"Sio hivyo," alisema dada. Akarudi mlango wa kwanza.

Laiti Bibi Redio angekuwa amesahau mwisho wenyewe. Alikuwa hajasahau hata neno moja, na hilo ndilo lililomtesa. Aliwahi kumhoji mwalimu wa chuo kikuu aliyesema hadithi za kushuka kuzimu ni za kale kuliko maandishi, kwamba majoka yote na farasi wenye mabawa wa vitabuni ni wajukuu wa mtu wa kwanza aliyemlilia maiti wake akawaza kwenda kumchukua. Bibi Redio alikuwa anaitikia huku akiangalia saa ya ukutani. Leo maneno yale yalimrudia, akawaonea hasira wale watu wa kale. Walitunga mafisi yenye mikono, walitunga milango inayosema, walidanganya watakavyo. Walishindwa nini kudanganya na mwisho?

Dada alifika tena mlango wa tatu. Safari hii pumzi ilikuwa inakwaruza.

"Sema. Mimi sio mtoto wa redio."

"Siwezi, dada."

"Unaogopa nini?"

"Utabaki kule chini. Nitakuachaje kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Upande mmoja wa uso ulijaribu kucheka. "Nimeshabaki, wewe. Nataka kusikia umetoka."

Basi akasema. Mlango ukafunguka, na kaka mtu alikuwa amekaa kimya. Mlinzi wa mlango huo akamwambia kijana: kila kilichotolewa mlangoni hurudishwa kwa mwenyewe apite, lakini huyu alipokuja hakutoa kitu, hana cha kurudishiwa, kwa hiyo hana cha kupitia. Kijana akakaa chini naye. Ndipo kaka akamwambia... Hapo Bibi Redio akashindwa kuendelea.

"Nenda," alisema dada, akichukua maneno yasiyokuwa ya nusu yake. Mama angewagombeza. "Usinikalie hapa."

Akaenda. Mlango wa tatu ukamrudishia sauti ya mama yake. Wa pili ukamrudishia moshi. Kati ya wa pili na wa kwanza ule mkono ulilegea, ukawa mzito kwenye kiganja chake. Alijua papo hapo. Hakumwita muuguzi, hakugeuka. Akinyamaza sasa, kijana anabaki gizani njiani, na dada alisema anataka kusikia ametoka. Akaendelea kusimulia, machozi yakidondoka kwenye shuka. Fisi akamrudishia kijana kivuli chake. Kijana akatoka juani, akatazama chini. Kivuli kilikuwa kimoja.

Muuguzi alikuwa amesimama na kitoroli chake, akitazama kitanda.

"Mama, pole. Naomba utoke nje kidogo."

Bibi Redio akauweka ule mkono juu ya shuka. Akainuka, akatoka.