Bata Wasio na Jeraha

Shemeji yangu Shakuru ana maneno matamu, na mimi, pamoja na ukali wangu wote, humwamini kila mara. Aliniletea bata-mwitu kutoka mashamba ya mpunga kando ya mto Rusizi, akaapa kwamba amewanasa kwa mtego wa kamba. Niliwapika asubuhi ileile, maana mdogo wangu Sephora alikuwa amejifungua na ilikuwa zamu yangu kumpelekea chakula. Nilikuwa nimefunga kwa maombi, kwa hiyo hata chumvi sikuionja. Jirani yangu Lisette akatangulia na sufuria hadi kwa Sephora, mtaa wa Mutakura, mimi nikabaki mtaani kwetu Jabe kufunga kibanda changu.

Nikiwa nafagia uani nikamwona kunguru aliyekuwa akidonoa matumbo ya wale bata. Alikuwa chali, mabawa yanatetemeka, povu mdomoni. Nikaokota vichwa na miguu niliyoitupa, nikatafuta alama ya kamba. Hakuna hata mkwaruzo. Nikampigia Shakuru.

"We, bata zilikufa na nini?"

"Ah, shemeji, zilikula mupunga yenye watu walitia dawa ya wadudu. Lakini ukitoa matumbo, dawa yote inatoka. Siye tunakulaka hivyo kila siku!"

Nilimtukana tusi ambalo sitaliandika. Simu ya Sephora iliita bila kupokelewa, ya Lisette ilikuwa imezimwa. Petroli ilikosekana tena, mabasi hakuna. Nikakimbia. Kila aliyenisalimia njiani nilimchukia. Akilini nilimwona Sephora akinywa mchuzi, kisha mtoto akinyonya. Nikajikataza kuwaza, nikawaza tena.

Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Sufuria ilikuwa mezani, bado imefunikwa.

"Amefika," alisema Mama Consolée, mama mkwe wa Sephora, ambaye hajawahi kunipenda. "Tulikuwa tunakungojea. Mwenye kuleta ndiye anaonja kwanza."

Ndiyo desturi yetu: anayeleta huonja mbele ya watu, wajue hakuweka kitu. Siku zote niliiona kama matusi. Siku ile nilitamani kuipigia magoti.

Lisette akanipa kijiko. Sephora alinitabasamia kwa njaa, mtoto kifuani. Nikisema, nitaitwa mlozi mpaka kufa. Nilijua hilo vizuri sana.

"Mi siwezi kuonja," nikasema. "Iko sumu ndani. Musikule!"

Nilieleza habari za bata, mpunga na kunguru, huku nikilia, lakini nyuso zilikuwa zimeshakunjwa. Nikabeba sufuria, nikamwaga chakula chote katika shimo la choo ili hata mbwa asiguse. Niliporudi, mlango ulikuwa umefungwa.

"Mutoto yuko muzima," Mama Consolée alisema dirishani. "Lakini we, apana kurudi hapa tena."

Nikasimama uani na sufuria tupu. Ndani mtoto alianza kulia, kwa nguvu, kwa hasira, sauti ya mtu mwenye afya. Lia, mwanangu, nikasema moyoni. Lia tu.