Tofali Lililokaimu

Usiku wa kuamkia leo niliota nafanya mtihani wa kurudia imla ya Kiingereza, hapa hapa chuo cha uhazili. Madamu Kemilembe anasoma, sisi tunapiga chapa. Nikifeli, narudishwa nyumbani.

Naweka vidole kwenye taipureta. Taipureta inakohoa.

"Samahani, dada Leokadia. Mimi ni mzito. Siwezi kuandika na mtu asiye na msingi, tutadidimia wote."

"Nani kakwambia sina msingi?"

"Madamu. Jana, mbele ya darasa zima."

Madamu anafunga kitabu, anachukua sululu nyuma ya mlango. Anasogeza kiti changu, nami nikiwa juu yake, anaanza kuchimba sakafu.

Chini ya sakafu kuna darasa la nne la shule yangu ya msingi. Watoto wameketi chini. Mwalimu Luhende anafundisha madarasa matatu peke yake, kwa kuzunguka kama feni. Kwenye kiti cha mwalimu wa Kiingereza limeketi tofali la kuchoma.

"Shikamoo," nalisalimia, maana ni mwalimu.

"Marahaba. Nakaimu tu," linasema tofali. "Mwenyewe yuko njiani tangu hujazaliwa."

Madamu anashusha kamba ya timazi shimoni, anapima. "Si nilisema? Msingi mbovu. Leokadia, umefeli."

Damu ikanichemka. "Kwani niliujenga mimi, Madamu? Nilikuwa mtoto! Nilikuja kila siku, nikakaa chini, nikaitikia. Lifelishe tofali!"

"Tofali halikusajiliwa kwa mtihani."

"Ni kweli," linasema tofali kwa upole. "Mimi hata sare sina."

Mwalimu Luhende anaacha kuzunguka, anatazama juu. "Mama, kama umekuja kujenga, jenga. Kama umekuja kuchungulia, tufunikie. Vumbi linawaingia watoto machoni."

Madamu anatazama visigino vya viatu vyake.

Basi nikaruka shimoni, nikalikumbatia tofali, nikapanda nalo, nikalitua kwenye kiti cha Madamu.

"Haya, likaimu na hapa. Tuone nani atafaulu."

Wenzangu waliotoka shule za Kiingereza wameweka vidole tayari. Wanangoja. Wanangoja tena.

"Madamu, halisomi!"

"Tulieni," linasema tofali. "Mwenyewe yuko njiani."

Nikaamka. Bweni letu limejengwa kwa saruji tupu, sakafu hadi dari, lakini viganja vyangu vyote viwili vilikuwa vyekundu kwa vumbi la tofali.

Mtihani ni asubuhi hii. Sikunawa.