Kipimo cha Tumbo la Marehemu

Polisi walileta chupa asubuhi, na Déogratias alilisoma mara mbili jina lililobandikwa juu yake. Ndani mlikuwa na kipande cha tumbo la mama mkwe wa Agnès, na Agnès ni dada yake wa tumbo moja. Bibi yule alikula maharage ya mkaza mwana wake, akatapika, akafa. Wakwe hawakuuliza zaidi. Walisema mwanamke ametia mizizi chunguni, na sasa Agnès alikuwa amefungwa, akingoja maabara ya Ibanda, alikofanya kazi Déogratias, iseme.

Daktari, mkuu wa maabara, hakujua undugu huo. Déogratias naye alinyamaza, maana angesema, chupa ingepewa mwingine, na yeye hakumwamini mwingine. Ndivyo binadamu tulivyo: tukiogopa, kisu tunataka tukishike wenyewe.

Aliikatakata nyama, akailoweka katika alkoholi, akaichuja, kisha akatikisa yale maji na etha mpaka etha ikanyonya kilichojificha. Kazi hii haitaki haraka. Sumu ya mti ikishaingia mwilini hubaki kidogo kuliko punje ya chumvi. Kwa hofu kwamba kidogo hakitasema kweli, alitumia nyama yote. Etha ilipokauka, kibakulini lilibaki doa la manjano tu.

Aliliyeyusha kwa tindikali, akayamimina yale maji katika kichupa cha kioo, akadondosha dawa ya kupimia. Maji yakibaki safi, Agnès anarudi nyumbani. Yakigeuka meupe kama maziwa, mna sumu ya mti ndani yake.

Yaligeuka meupe.

Agnès, aliyekuwa akilia kuku akichinjwa? Akatazama beseni la kuoshea vyombo. Kumwaga, kusuuza, kusema kimeniponyoka, nani angejua? Mkono ulikwisha kunyanyuka daktari alipoingia, akamnyang'anya kile kichupa, akakielekeza dirishani.

"Asubuyi ulipitisha kwanza maji ya bule?" aliuliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya maabara. Kabla ya kugusa kitu chochote, maji matupu hupitishwa katika vyombo vilevile, kwa etha ileile na dawa ileile. Maji matupu yakigeuka meupe, basi vyombo ni vichafu. Na wiki nzima vyombo hivyo vilikuwa vinapimia magome ya kwinini yaliyotoka mashambani, ambayo nayo huleta weupe uleule. Haraka haraka haina baraka: katika pupa ya kumwokoa dada yake, Déogratias alikuwa ameruka maji. Kusema ndiyo kungelinda kazi yake na kumzamisha Agnès.

"Hapana, munganga."

Daktari hakumkaripia. Aliyapitisha maji mwenyewe, polepole, na Déogratias akasimama nyuma yake akiomba kimoyomoyo. Dawa ilipodondoka, maji matupu nayo yakawa maziwa. Déogratias aliketi juu ya sanduku akacheka huku machozi yanamtoka.

"Nyama ingine iko wapi?" daktari aliuliza.

"Iliisha yote."

"Basi hatujue kitu. Na hatutajua."

Kicheko kikamkauka.

Agnès alifunguliwa kwa kukosa ushahidi. Mume wake hakuja kumchukua, kwa hiyo Déogratias alimchukua akakae kwake yeye. Walipofika mlangoni Agnès alimgeukia kaka yake mkubwa.

"Yaya, mulipata nini?"

"Hatukupata kitu."

"Hamukupata, ao haikuwako?"

Déogratias akawa anahangaika na kufuli, ijapokuwa lilikuwa limekwisha kufunguka. Angeweza kusema haikuwako. Aliendelea kuzungusha ufunguo, na Agnès aliuona ukizunguka bure.

Jioni Agnès alipika uji. Kwao, anayempa mgeni kinywaji huonja kwanza, mgeni aone hamna sumu. Ndugu wa tumbo moja hawafanyiani hivyo. Ni sawa na kutukanana. Agnès alimimina kikombe cha kaka yake, akanywa funda moja huku akimtazama, akameza, kisha akampa.

Déogratias aliumia, lakini baadaye. Kwanza alishukuru kwamba dada yake ameonja.